Baraza Zilizowatunza Wazee wa Unguja

Nyumba ya mawe ya Unguja ilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na fundi hakuwa amemaliza kazi mpaka aweke baraza ya kukalia, upande huu wa mlango na upande ule. Mgeni mwanamume aliketi pale bila kuingia ndani kwa wake na mabinti. Bei za karafuu zilijadiliwa pale. Masika yakija na vichochoro vikageuka mito, watu walipita juu ya baraza wasiloe miguu. Waandishi wa majengo wameyaeleza hayo vizuri. Mimi nilikuwa muuguzi, na miaka mingi ya kazi yangu nimewapima wazee presha. Naamini kwamba baraza zilikuwa zikilinda mioyo ya wazee wetu, na tulizivunja nyingi bila kujua tunavunja nini.

Nilizaliwa Ng'ambo, nje ya mji wa mawe, ambako nyumba zilikuwa za miti na udongo, makuti juu, baadaye mabati. Baraza zetu zilikuwa za udongo ulioshindiliwa, na mwenye uwezo alisakafia kwa saruji. Baada ya sala ya alasiri wazee walianza kutoka mmoja mmoja. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi ili asikike kabla hajaonekana. Kahawa chungu, kashata, bao, dhumna, karata. Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio ya mtu mmoja ilisikilizwa na mtaa mzima. Kila mzee alikuwa na mahali pake pa kukaa, na hapo ndipo ulipokuwa ulinzi wenyewe. Pakiwa patupu, mtu aliuliza: "Mbona Mzee haonekani?" Mtoto aliyekuwa karibu alitumwa. Nilitumwa mara nyingi. Nilibisha hodi, nikasema, "Shikamoo babu, wanakuuliza barazani." Nikikuta anahema kwa shida, nilirudi mbio, na kabla ya magharibi alikuwa ameshafikishwa hospitali, bila yeye mwenyewe kuomba msaada kwa mtu.

Wataalamu waliyapima mambo haya baadaye sana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walikusanya pamoja tafiti nyingi zilizowafuatilia watu kwa miaka, wakaona kwamba waliokuwa wapweke au waliotengana na wenzao walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 29, ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kwa asilimia 32 ya kupata kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na likakadiria vifo 871,000 kila mwaka vinavyohusiana nao. Katika chumba cha kupimia presha nilikuwa nikiziona sababu kwa macho. Mzee anayeishi peke yake husahau dawa kwa kuwa hana wa kumkumbusha. Hupika mara moja, akala chai na mkate siku nzima. Hatembei, maana hana pa kwenda. Usingizi wake ni wa kukatika, na mwili unaokaa macho kwa wasiwasi humwaga homoni zinazoyapandisha mapigo na kuikaza mishipa, usiku baada ya usiku.

Kuna kijiji Marekani nisichokisahau tangu nilipozisoma habari zake: Roseto, Pennsylvania, kilichoanzishwa na Waitaliano waliokuja kuchimba mawe. Katika miaka ya 1960 daktari Stewart Wolf na wenzake waligundua kwamba wanaume wa pale, wavutaji sigara na walaji wa mafuta, walikufa kwa moyo mara chache kuliko majirani zao wa Bangor. Waliishi vizazi vitatu nyumba moja na waliketi nje jioni wakizungumza. Watoto wao walipoanza kujenga majumba makubwa yaliyojitenga, tofauti ile ilipotea, na vifo vya moyo vikafikia kiwango cha Bangor.

Na sisi tulikuwa na Roseto yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume iliazimia kuwatoa watu kwenye vibanda na kuwapa majumba ya kisasa, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba za Ng'ambo zilivunjwa, yakasimama magorofa marefu ya Michenzani. Nia ile naiheshimu: watu walipata umeme, maji ya bomba na choo cha ndani. Lakini nyumba ilipovunjwa, na baraza yake ilikwenda nayo. Vijana walishuka ngazi na kutengeneza vijiwe chini. Mzee mwenye magoti mabovu alibaki juu, akiwaangalia wenzake dirishani. Wagonjwa wangu wengi walikuwa hao, na presha zao hazikushuka kwa vidonge peke yake.

Sisemi kwamba barazani palikuwa na heri tupu. Wakati wa siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957 hadi uhuru wa 1963, baraza ziligawanyika kwa vyama, na majirani waliacha kuzikana. Vyama vingi viliporudi miaka ya 1990, tukawa tena na maskani za CCM na baraza za CUF, na mzee aliyekuwa na chama tofauti na mtaa wake alikunywa kahawa yake peke yake. Mpaka yalipokuja maridhiano ya vyama hivyo mwaka 2009, wengine walikuwa wameshazoea kutoamkiana.

Na wanawake je? Baraza ya njiani haikuwa yao. Wao walikutana uani, ukumbini, kwenye maulidi na khitma, kwenye vyama vya ngoma ya lelemama ambavyo wanachama wake walishona sare na kusaidiana kwenye arusi na misiba. Vyama vile vilififia, na ua ukabaki kwenye nyumba zilizovunjwa. Mjane aliyepewa chumba ghorofani alipoteza zaidi kuliko mumewe angepoteza, kwa sababu yeye hata kijiwe cha chini hakuweza kukikalia. Huyu hatukumwandika popote.

Serikali haikuwasahau wazee. Wasio na jamaa walipewa makazi Sebleni na Welezo. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila aliyefika miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kwenye vituo vya malipo niliwaona bibi waliokuja mapema na kukaa mpaka adhuhuri ilhali fedha wameshazipokea. Walikuwa wanazungumza.

UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000, na baraza zake zinapigwa picha kila siku, nyingine zimefunikwa vinyago na shanga za kuuzia watalii. Za Ng'ambo hazikuorodheshwa na yeyote. Sasa magorofa mapya yanapanda kila upande wa mji. Nawaomba wachoraji ramani na wanaowalipa: wekeni baraza chini, yenye kivuli, isiyo na ngazi, na nyingine ya upande wa ndani ambako bibi ataketi kwa stara yake. Wapeni wazee vyumba vya chini kabla ya mtu mwingine. Nawe unayesoma, kama yuko mzee juu yako au ubavuni mwako ambaye hukumsikia leo, kambishie hodi kabla ya magharibi.