Maneno ya Ujenzi: Kutoka Nyumba ya Mawe hadi Jengo la Ghorofa

Miji yetu inabadilika sura. Mahali paliposimama nyumba ya udongo yenye paa la makuti au la bati, leo pameinuka jengo la zege, chuma na vioo. Na fundi aliyezoea kamba na timazi hukabidhiwa michoro iliyotayarishwa na msanifu majengo. Mabadiliko haya huwaletea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali swali lile lile kila mara: kitu hiki kipya kiitweje? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si geni. Ujenzi wa mwambao umepata kugeuka mara nyingi, na kila ulipogeuka lugha ilijibu. Yafaa tuchunguze ilijibu kwa namna gani kabla hatujaunda istilahi nyingine.

Tuanze na nyumba ya mawe. Katika miji kama Lamu, nyumba hii ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na kwa kuwa miti hiyo haikuweza kubeba uzito kuvuka nafasi pana, upana wa chumba kwa kawaida haukuzidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliompangia mjenzi ramani. Juu ya boriti zilipangwa vipande vya mawe, ikamwagwa kokoto na chokaa, ikapondwa mpaka ikashikana kuwa sakafu.

Neno sakafu lenyewe lina somo. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni paa au dari. Sisi tunaikanyaga. Jambo hilo halimshangazi aliyeiona nyumba ya zamani ya ghorofa, kwani kitu kile kile kilikuwa paa kwa waliokaa chini na uwanja kwa waliokaa juu. Ghorofa nayo katika Kiarabu ni chumba, hasa chumba cha juu. Katika Kiswahili imekuwa tabaka zima la jengo, kisha ikawa jina la jengo lenyewe.

Maneno mengine yamesafiri mbali zaidi. Kiwanda, katika nyumba ya Lamu, ni ua wa ndani ulio wazi juu. Kwa wasemaji wengi leo ni mahali pa mitambo. Ukumbi ulikuwa sehemu ya kuingilia nyumbani. Leo huchukua mamia ya watu waliokuja mkutanoni. Baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo wenyeji walikaa kuzungumza. Neno hilo hilo leo tunalitumia kwa Baraza la Mawaziri na hata kwa mabaraza ya lugha.

Katika karne ya 19 vilikuja vifaa vipya. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash, lilizungukwa na veranda pana zilizoshikiliwa na nguzo za chuma, na baadaye likatiwa lifti. Nguzo ilibaki nguzo, iwe ya mti au ya chuma, kwa sababu kazi yake haikubadilika. Lifti haikuwa na ndugu yeyote katika nyumba ya zamani, nayo ikabaki na jina lake la kigeni. Hapa tunaona kanuni ambayo haikuandikwa na mtu: jina hufuata kazi ya kitu, na pasipokuwa na kazi inayofanana, neno la kigeni hupewa makao.

Kanuni hiyo iliendelea baada ya uhuru. Soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lilifunikwa kwa zege lenye umbo la miavuli mikubwa. Huko kwenye ujenzi mafundi hawakusubiri kamati. Tabaka la zege linalotandazwa chini wakaliita jamvi, kwa kuwa hutandikwa kama jamvi. Boriti ikawa pia ya zege iliyotiwa nondo.

Hata hivyo, neno linapohama huweza kuacha utata, na utata katika ujenzi una gharama. Chukua saruji. Huko Oman jina hilo ni la udongo uliochomwa na kusagwa, uliotumiwa tangu kale katika ngome na mifereji kwa kuwa huzuia maji. Kwetu ni unga wa kiwandani unaouzwa kwa mifuko. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa hutoa unyevu wake polepole. Ukipigwa lipu ya saruji ya kiwandani, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza. Mfasiri wa mwongozo wa ukarabati akiandika saruji mahali pa chokaa, kosa lake halitaishia kwenye karatasi.

Au chukua ghorofa. Kwa wengine ghorofa ya kwanza ni ile anayoikanyaga mtu aingiapo mlangoni. Kwa wengine ni ile iliyo juu yake. Ghorofa ya chini huweza kuwa ya usawa wa ardhi, au ile iliyochimbiwa ndani ya ardhi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Iliripotiwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na jengo lilikwisha kufikia 16. Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyoliangusha. Tunasema kwamba hesabu ya ghorofa ni jambo la uhai wa watu, na neno lenye kubeba hesabu hiyo halifai kuwa na maana mbili.

Kwa hiyo basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwenye kutafuta istilahi aende kwanza kwa mafundi na katika nyumba za kale, kwani huenda neno liko tayari. Pili, neno la zamani likipewa kitu kipya, maana zote mbili ziandikwe katika kamusi, kila moja na kifaa chake. Tatu, vibali na mikataba itaje wazi idadi ya ghorofa zilizo juu ya usawa wa ardhi, ikihesabiwa na ile ya mlangoni, na zilizo chini yake. Mafundi wametupa maneno. Kazi iliyobaki kwetu ni kuyawekea mipaka.