Herufi T

Mafinga ni mji wa mbao, kwa hiyo kikohozi hapa hakikosi kisingizio. Kuna vumbi la mashine za kupasulia magogo, kuna ukungu wa asubuhi, kuna moshi wa jikoni, na mwezi wa saba kuna baridi ile inayokaa mifupani. Mtu akikohoa wiki mbili anasogea dirisha la duka la dawa: "Mdogo wangu, nipe zile za rangi mbili. Za buku mbili zinatosha." Anapewa amoksilini. Ikigoma, anarudi kuchukua Septrin. Siku anayokwenda hospitali kutoa makohozi, mkanda wa suruali umeshahama matundu mawili.

Mimi siwacheki watu hawa. Amoksilini ni dawa nzuri mahali pake. Ni ya ukoo wa penisilini, dawa zinazomzuia bakteria kujenga ukuta wake hadi anapasuka, na wengi wa bakteria wa nimonia wanauawa nayo vizuri. Tatizo ni kwamba bakteria wa kifua kikuu amejivika koti zito la mafuta, kama nta, na ana kimeng'enya kinachoikatakata penisilini kabla haijafanya kazi. Penisilini ilipoenea miaka ya 1940 ilitibu nimonia, kaswende na buba, watu wakaiita muujiza. Wenye TB walibaki vilevile, wakikohoa.

Dawa yao ya kwanza ya kweli ilitoka kwenye ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman kule New Jersey, aliipata streptomaisini kutoka kwa viumbe wadogo wa udongoni. Haigusi ukuta wa bakteria; inavuruga kiwanda chake cha protini. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha wagonjwa wakipata nafuu, kisha wengi wao wakizidiwa tena, kwa kuwa bakteria walikwishaizoea sindano. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba TB haitibiwi kwa dawa moja. Kila dawa inahitaji mwenzake wa kuwanasa wale waliomponyoka mwingine.

Ndiyo maana kwenye kadi ya mgonjwa wa TB dawa huandikwa kwa herufi, kama timu. S ni streptomaisini. H ni isoniazidi, iliyokuja mwaka 1952, rahisi na kali, ambayo nje ya jamii ya bakteria wa TB haina kazi ya maana. R ni rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya Fanta. Z ni pirazinamidi, E ni ethambutoli. Zamani palikuwa na T pia. Hiyo T, yaani thiasetazoni, nadhani imesahaulika mapema kuliko inavyostahili.

Iliibuliwa miaka ya 1940 na kundi la Gerhard Domagk, Mjerumani yuleyule aliyetangulia kugundua dawa ya kwanza ya ukoo wa salfa, ukoo wa hiyo Septrin ya dirishani. Nchi tajiri hazikuipenda sana kwa sababu ya madhara yake. Wao walimpa isoniazidi mwenzake aitwaye PAS, dawa ya kumezwa kwa gramu nyingi kila siku, inayochafua tumbo, ghali, tena isiyopenda joto. Mpe mkulima wa Mufindi dawa ya namna hiyo kwa mwaka mzima, uone.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifanya majaribio mfululizo katika hospitali za Afrika Mashariki. Walipata jibu la bei nafuu: miligramu 300 za isoniazidi na miligramu 150 za thiasetazoni, kidonge kimoja kwa siku. Wagonjwa wa Afrika Mashariki waliivumilia vizuri kuliko Wachina wa Hong Kong. Kwa nchi zilizokuwa zinapata uhuru na bajeti ya afya ya kubanabana, TH ilikuwa ahueni kubwa.

Mwaka 1972 majaribio ya hapahapa Afrika Mashariki yakatoa jambo jingine zito: ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, tiba ya mwaka mmoja na zaidi inaweza kufupishwa hadi miezi sita. Dunia nzima inatumia matunda ya kazi hiyo. Lakini rifampisini ilikuwa ghali.

Hapo anaingia Karel Styblo, daktari kutoka Czechoslovakia aliyehamia Uholanzi, ambaye mwaka 1977 alishirikiana na serikali yetu kuanzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Hakuleta dawa mpya. Alileta hadubini wilayani, daftari la kila mgonjwa, hesabu za kila robo mwaka, na mratibu wa wilaya juu ya pikipiki. Miaka ya 1980 tiba ikawa ya miezi minane: miwili ya mwanzo S, H, R na Z, mgonjwa akimeza mbele ya muuguzi, sita iliyobaki TH nyumbani. Rifampisini ililindwa kwa makusudi. Haikutoka mkononi mwa muuguzi, ili isiliwe nusunusu na bakteria wakaizoea. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliisifu tiba ya namna hii kuwa miongoni mwa matumizi bora kabisa ya fedha za afya, na muda mfupi baadaye Shirika la Afya Duniani likaisambaza kwa jina la DOTS.

Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Virusi vile vilisafiri kwa barabara, na Mafinga imekaa juu ya barabara kuu ya Zambia. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta maambukizi ya asilimia 15.7 mkoani Iringa, ambao wakati huo uliibeba na Njombe, ilhali wastani wa nchi haukufika 6. TB na virusi vikawa vinatembea pamoja.

Na T ikageuka. Mwaka 1991 watafiti walichapisha matokeo ya Nairobi: kati ya wagonjwa wa TB wenye virusi, mmoja katika kila watano alipata madhara ya ngozi kutokana na thiasetazoni, kwa wasio na virusi alikuwa takriban mmoja katika mia. Kwa wengine ngozi ilibabuka kama ya aliyeungua, na baadhi walikufa.

Je, waliochagua T walikosea? Nimejiuliza sana, na jibu langu ni hapana, hawakukosea mwaka 1960. Kinachonisumbua ni miaka ya katikati, ambapo hatari ilijulikana na ethambutoli ipo, ila bei ndiyo iliyosubiriwa. Ngozi ya mtu ikawa inapimwa na pengo la bei kati ya vidonge viwili.

Jirani yetu mmoja ni muuguzi mstaafu. Nilimwamkia, nikamuuliza kuhusu T. Alikaa kimya, akaendelea kuchambua maharage.

"Marahaba mwanangu. Hiyo tulikuwa tunawapa wenyewe, kwa mkono," alisema. "Mtu anarudi mdomo umejaa vidonda, macho yamevimba, halafu anakushukuru kwa dawa."

Ethambutoli ilipofika, aliniambia, kadi zenye TH zilikuwa bado zimejaa kabatini na hakukuwa na za kubadilisha. Wakawa wanaikata T kwa kalamu nyekundu, moja baada ya nyingine, wanaandika E juu yake.