Nguvu na wepesi wa viungo: mwili unahitaji vyote viwili

Kuinuka kutoka mkekani ni tendo ambalo wengi katika Afrika Mashariki hulifanya bila kulifikiria, iwe baada ya chakula, baada ya swala au baada ya mazungumzo ya jioni. Hata hivyo, tendo hilo huudai mwili mambo mawili kwa wakati mmoja: nguvu ya mapaja na makalio ya kuubeba uzito wote, na wepesi wa nyonga, magoti na vifundo vya miguu wa kukunjika vya kutosha. Likikosekana moja, mkono huanza kutafuta ukuta wa kushika.

Wengi wanaofanya mazoezi huchagua upande mmoja tu. Wapo wanaonyanyua vyuma kila siku lakini hawawezi kuchuchumaa visigino vikabaki chini. Wapo pia wanaojinyoosha kila asubuhi lakini mfuko wa unga wa kilo 25 huwashinda. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba mazoezi ya nguvu na yale ya viungo hayapingani, na kwamba anayeyaunganisha ndiye hunufaika zaidi, hasa anapokuwa mtu mzima.

Kipimo cha sakafuni

Mwaka 2012 watafiti wa mjini Rio de Janeiro, Brazil, wakiongozwa na daktari Claudio Gil Araújo, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu 2,002 wenye umri wa kati ya miaka 51 na 80. Kila mmoja alitakiwa kukaa sakafuni kisha kuinuka kwa msaada mdogo kadiri awezavyo. Alama zilikuwa 10: tano za kukaa na tano za kuinuka. Kila mara mtu alipotumia mkono, goti au upande wa mguu kujitegemeza, alipunguziwa alama moja. Alipoyumba, alipunguziwa nusu.

Washiriki walifuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka sita, na katika muda huo 159 kati yao walifariki dunia. Ilibainika kwamba waliopata alama sifuri hadi tatu walikuwa katika hatari ya kufariki zaidi ya mara tano kuliko waliopata alama nane hadi 10.

Matokeo hayo hayana maana kwamba kushindwa kuinuka ndiko kunakoua. Mgonjwa huwa dhaifu, na udhaifu huo huonekana anapoinuka. Lakini uchunguzi huo unaonyesha jinsi nguvu, wepesi wa viungo na uwezo wa kujisawazisha vinavyoeleza kwa pamoja hali ya mwili mzima.

Maisha ya kitini

Kwa vizazi vingi, kazi za nyumbani na shambani zilikuwa mazoezi tosha. Kukuna nazi juu ya mbuzi, kupalilia, kufua kwenye beseni na kuteka maji kulimlazimu mtu kuinama, kuchuchumaa na kubeba. Maisha ya mijini yamebadili hali hiyo. Karani wa Nairobi au Dar es Salaam, dereva wa teksi wa London na mlinzi wa usiku wa Dubai wote hutumia saa nyingi wakiwa wamekaa.

Kiungo kisichotumiwa katika upeo wake wote hupoteza upeo huo polepole, na msuli usiopewa kazi nzito hupungua. Upungufu wa misuli huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani, yapata umri wa miaka 30 na kuendelea, na huongezeka kasi uzeeni. Ndiyo maana mtu aliyeishi ugenini miaka 20 kwenye viti na makochi huweza kurudi nyumbani likizo akakuta mkeka wa mama yake umekuwa mtihani.

Je, kunyanyua vyuma hukaza viungo?

Dhana kwamba mwenye misuli mikubwa lazima awe mkavu wa viungo imeenea kwa muda mrefu. Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na José Afonso wa Ureno walilinganisha matokeo ya tafiti 11 zilizohusisha watu 452. Hawakuona tofauti ya maana kati ya mazoezi ya nguvu na mazoezi ya kujinyoosha katika kuongeza upeo wa viungo.

Sharti ni kwamba zoezi lifanywe kwa ukamilifu. Anayechuchumaa nusu tu na uzito mkubwa begani huimarisha nusu hiyo peke yake. Anayeshuka taratibu hadi chini, kwa uzito anaoumudu, huimarisha msuli na wakati huo huo huufundisha kurefuka. Kushuka polepole kuna faida ya pekee, kwa kuwa msuli hufanya kazi huku ukivutwa.

Kwa upande mwingine, wepesi usio na nguvu unaweza kuleta madhara. Wako watu ambao viungo vyao ni vilegevu kwa maumbile, na huteguka kwa urahisi. Hao huhitaji kuimarisha misuli inayozunguka viungo zaidi ya kujinyoosha. Mahitaji hutofautiana pia kulingana na mchezo. Mkimbiaji wa masafa marefu hahitaji kunyumbuka kama mchezaji wa sarakasi, kwa sababu kano iliyokaza kiasi humrudishia nguvu kila anapokanyaga, mfano wa springi.

Kujinyoosha kabla au baada?

Kwa miaka mingi wanafunzi na wanamichezo walifundishwa kujinyoosha kabla ya mazoezi ili wasiumie. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanywa nchini Australia kwa askari wapya 1,538. Kundi moja lilijinyoosha misuli ya miguu kabla ya kila mazoezi, na jingine halikujinyoosha. Baada ya takriban wiki 12, hapakuwa na tofauti ya maana ya idadi ya walioumia miguu.

Aidha, kuushikilia msuli katika hali ya kunyooshwa kwa zaidi ya dakika moja hupunguza nguvu zake kwa muda mfupi baadaye. Kwa hiyo, kabla ya mazoezi mazito au mbio, ushauri wa siku hizi ni kupasha mwili moto kwa kutembea haraka, kuzungusha mikono, kurusha miguu taratibu na kuchuchumaa bila uzito. Kujinyoosha kwa kutulia kunafaa zaidi baada ya mazoezi, wakati misuli ingali na joto.

Hakuna aliyechelewa

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Wazee 10 dhaifu, wenye wastani wa umri wa miaka 90, walianzishiwa mazoezi ya kuimarisha mapaja kwa uzito mkubwa, na tisa kati yao waliyakamilisha. Katika wiki nane tu, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutembea kwa bakora.

Kwa mzee, tofauti hiyo ni sawa na kuweza kwenda msalani bila kushikwa mkono. Kuanguka ni miongoni mwa sababu kubwa za mifupa ya nyonga kuvunjika uzeeni, na wengi wanaovunjika nyonga hawarejei katika hali yao ya awali.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa mwaka 2020, unapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku mbili kwa wiki. Hayo ni pamoja na dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki.

Kuhusu kujinyoosha, Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kinapendekeza siku mbili au tatu kwa wiki. Kila mnyoosho ushikiliwe kwa sekunde 10 hadi 30, na kwa wazee hadi sekunde 60, bila kudundadunda na bila kufikia maumivu.

Asiye na vifaa anaweza kuanzia nyumbani. Achuchumae taratibu huku ameshika fremu ya mlango, asukume ukuta kwa mikono miwili, ainue ndoo ya maji kwa kukunja nyonga na kunyoosha mgongo, na ainuke kitini bila kutumia mikono. Kila zoezi lirudiwe mara nane hadi 12, na ugumu uongezwe kidogo kidogo wiki baada ya wiki.

Tahadhari

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anaponyanyua kitu kizito, bali apumue nje wakati wa kuinua. Mwenye ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi ajiepushe na kuinama kwa nguvu huku mgongo ukiwa umepinda. Maumivu makali ya kiungo, ganzi au maumivu ya kifua ni sababu ya kusimamisha zoezi mara moja na kumwona daktari.

Anayetaka kujipima kwa kukaa sakafuni na kuinuka awe na mtu karibu na kiti imara pembeni. Akilazimika kutumia mkono au goti, atakuwa ametambua mahali pa kuanzia.