Mzee Mwenye Gitaa: Umri, Ukimbizi na Kumbukumbu ya Muziki katika Arua na Koboko

Utangulizi

Muziki wa roki ulizaliwa ukiwa sauti ya ujana, na kwa sababu hiyo uzee wa wanamuziki wake umekuwa kitendawili. Mwaka 1965 bendi ya The Who ya Uingereza ilitoa wimbo "My Generation", ambao msemaji wake anaona heri afe kabla hajazeeka. Mtunzi wake, Pete Townshend, alikuwa na umri wa miaka 20. Alipovuka miaka 70 alikuwa bado anaupiga jukwaani. Mick Jagger, aliyezaliwa mwaka 1943, alikuwa ametimiza miaka 80 kundi la Rolling Stones lilipotoa albamu ya Hackney Diamonds mwaka 2023. Makala haya yanalichunguza suala hilo la umri mahali ambapo gitaa la umeme liliingia kwa mlango mwingine, yaani Arua na Koboko, katika eneo la Nile Magharibi nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba historia ya eneo hili iliwanyima wanamuziki wengi fursa ya kuzeeka mbele ya hadhira yao wenyewe.

Umri katika nyimbo

Arua imepakana na Kongo, na biashara kati yake na miji ya Aru na Ariwara imeifanya Lingala ieleweke kwa wengi. Katika mazingira hayo, gitaa la umeme lilizoeleka zaidi katika rumba kuliko katika roki. Tofauti hiyo ina uzito. Rumba haikujitangaza kuwa mali ya rika moja, na mwimbaji aliyekomaa aliongezewa heshima. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Franco Luambo, kiongozi wa T.P.O.K. Jazz, alikuwa amekaribia miaka 50 alipotoa "Mario" mwaka 1985, kisa cha kijana msomi anayetunzwa na mwanamke aliyemzidi umri. Wimbo huo hauutukuzi ujana. Unalisikiliza shauri kama mzee wa baraza. Kiswahili cha mitaani kililipokea jina hilo, na hadi leo mwanamume anayelelewa na mwanamke huitwa marioo. Franco mwenyewe alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 51, kabla ya kuufikia uzee ambao sauti yake ilikuwa imekwisha kuubeba.

Mpasuko wa 1979

Wakati wa utawala wa Idi Amin, ambaye asili yake ni Wakakwa wa Koboko, jeshi lilikuwa na bendi zake za muziki, na Amin mwenyewe alipenda kupiga kodiani. Kampala ilianguka Aprili 1979. Mapigano ya Oktoba 1980 na ulipizaji kisasi uliofuata viliwasukuma wakazi wengi wa Arua na Koboko kukimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliuawa hata katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walikokuwa wamejihifadhi. Wengi walirejea katikati ya miaka ya 1980 na baadaye. Katika miaka hiyo, kijana aliyepaswa kujifunza ubavuni mwa fundi alikulia ugenini, na wasikilizaji walitawanyika.

Linganisha na Afrigo Band, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1975. Kampala nayo ilipita katika vita, lakini Moses Matovu na wenzake waliendelea kupiga mbele ya wasikilizaji waliozeeka pamoja nao, hata mvi zikawa mtaji. Ala za asili hazikusalimika pia. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka muziki wa zeze la Wamadi, majirani katika eneo hilohilo, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba vijana huuona umepitwa na wakati.

Sera na hitimisho

Sera zilizopo hazimwoni mzee huyu. Ruzuku ya wazee nchini Uganda, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipopanuliwa nchi nzima iliwalenga wenye umri wa miaka 80 na kuendelea. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, ila hutaka kazi iwe imehifadhiwa katika umbo linaloshikika. Mpiga gitaa wa miaka 65 ambaye nyimbo zake hazikurekodiwa huanguka katikati ya nguzo hizo mbili: ni kijana mno kwa ruzuku, na mbele ya sheria ni kama hakutunga kitu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kurekodi. Makerere ina hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann. Chuo Kikuu cha Muni kilichopo Arua kinaweza kuanzisha ya kwake, kwa kushirikiana na maofisa utamaduni wa Arua na Koboko. Rekodi hizo zitahifadhi urithi, na papo hapo zitakuwa ushahidi ambao mzee ataweza kudai haki yake kwao angali hai.