Kuku wa Asili: Mfugaji wa Misungwi Ahesabu Siku 21 Kabla ya Kuatamisha Mayai

Katika kaya nyingi za Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, kuku wa asili hufugwa kwa mfumo wa huria. Hufunguliwa asubuhi, hujitafutia chakula uani na shambani, na hurejea bandani jioni. Mfumo huo hupunguza gharama, lakini humnyima mfugaji jambo la msingi, yaani kumjua baba wa vifaranga wake. Jogoo wa jirani akikatiza uani, uteuzi uliofanywa kwa miezi kadhaa huweza kupotea.

Umuhimu wa jogoo

Kila kifaranga hurithi nusu ya tabia zake kutoka kwa baba. Kwa kuwa jogoo mmoja huweza kuhudumia mitetea 10, ubora au kasoro yake huenea katika kundi zima kwa msimu mmoja. Jogoo akiachwa miaka kadhaa, huanza kupanda binti zake. Matokeo yake ni mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu, ukuaji wa polepole na utagaji hafifu. Aghalabu wafugaji hulaumu chakula au maradhi, ilhali chanzo ni kuzaliana kwa ndugu.

Siku 21 za kusubiri

Baada ya kupandwa, mtetea huhifadhi mbegu za kiume katika vijifuko vidogo vilivyomo kwenye mrija wa uzazi. Kwa sababu hiyo, huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa takriban wiki 2, na wakati mwingine 3, hata kama jogoo hayupo tena. Jogoo aliyeuzwa leo mnadani bado anaweza kuwa baba wa yai litakalotagwa wiki ijayo.

Hivyo, mfugaji anayebadilisha jogoo anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

1. Kutenga mitetea 5 hadi 10 iliyochaguliwa katika banda lenye uzio na paa, kwa kuwa majogoo huweza kuruka uzio ulio wazi. Kuku wengine wanaweza kubaki huria.

2. Kuingiza jogoo mpya mmoja tu, na kuondoa majogoo wengine wote, wakiwemo wachanga wanaokaribia kupanda.

3. Kusubiri siku 21. Mayai yanayotagwa katika kipindi hicho yaliwe au yauzwe kwa ajili ya chakula, yasiatamishwe.

4. Kukusanya mayai kwa muda usiozidi siku 7, kuyaandika tarehe kwa penseli na kuyahifadhi mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini.

5. Kuyaatamisha. Mayai hayo yanaweza kuwekewa kuku yeyote anayeatamia vizuri, hata asiyekuwa wa banda hilo, kwa kuwa kuatamia hakubadilishi nasaba ya kifaranga.

Uanguaji nao huchukua siku 21. Kwa hesabu hiyo, tangu jogoo abadilishwe hadi vifaranga wa baba anayejulikana waanguliwe ni takriban wiki 7.

Alama na kumbukumbu

Vifaranga wa mabanda tofauti wakichanganyika bila alama, kazi yote hupotea. Pete za plastiki za rangi huweza kufungwa miguuni, mradi zibadilishwe kadiri mguu unavyonenepa. Daftari la kawaida linatosha kuandika jogoo aliyetumika, tarehe aliyoingizwa, mayai yaliyoatamishwa na vifaranga walioanguliwa.

Tahadhari katika kuzalisha chotara

Kanda ya Ziwa inafahamika kwa kuku aina ya Kuchi, wenye miguu mirefu, umbo kubwa na utagaji wa wastani. Jogoo wa Kuchi akipandishwa mitetea ya kawaida ya kienyeji, chotara huwa na mwili mkubwa zaidi. Wapo pia Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa, ambao walifanyiwa majaribio kwa wafugaji wadogo wa Tanzania.

Hata hivyo, chotara wakipandishana wenyewe kwa wenyewe, watoto wao hutofautiana sana na ubora wa kizazi cha kwanza hupungua. Vilevile, damu ya kigeni ikienea katika kundi lote, tabia ya kuatamia na kulea huweza kufifia. Mfugaji asiye na mashine ya kutotolea vifaranga atakuwa amepoteza nyenzo yake kuu. Ni vyema kubakiza kundi dogo la kienyeji lisilochanganywa, kwani damu ikishachanganyika haitenganishiki.

Kubadilishana majogoo

Jogoo abadilishwe walau kila mwaka, na apatikane kijiji cha mbali, kwa sababu jogoo wa jirani huenda ni ndugu wa wale waliopo. Mfugaji wa Kigongo, kwa mfano, anaweza kumtafuta upande wa Sengerema. Kuku mgeni atengwe kwa muda wa wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine, na kundi lipewe chanjo ya mdondo kila baada ya miezi 3. Jogoo bora anayeingia na maradhi huweza kuangamiza banda zima kabla hajaacha kifaranga hata mmoja.

Kwa ushauri zaidi, wafugaji wanahimizwa kumwona ofisa mifugo wa kata. Aidha, Mabuki, wilayani humo, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) na kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA).