Utabibu wa Akili na Ubaguzi wa Rangi

Hii ni kadhia ya namna elimu ya kutibu maradhi ya akili ilivyogeuzwa, katika zama za ukoloni, kuwa mizani ya kupimia ubora wa mataifa, na namna matabibu wachache walivyoipinga desturi hiyo kwa kumuuliza mgonjwa habari za lugha yake, dini yake na jamaa zake kabla ya kumhukumia ugonjwa. Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio wazi kuliko yote ni wa hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wendawazimu, ambamo Wazungu, Wahindi na Waafrika walilazwa mbalimbali.

Katika miaka ya 1930 msimamizi wake, Dkt. H. L. Gordon, alishughulika na kupima vichwa vya Waafrika, na mwaka 1934 F. W. Vint, tabibu wa maabara wa serikali, akachapisha makala akidai kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ni duni kuliko wa Mzungu. Lakini aliyeieneza dhana hii mbali zaidi ni J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, ambaye alikuwa daktari wa kawaida katika utumishi wa serikali tangu 1929, na ambaye alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938 hakuwa bado amehitimu katika maradhi ya akili. Mwaka 1951 aliandika kwamba mwenendo wa Mwafrika wafanana na wa Mzungu aliyepasuliwa ubongo kwa mbele. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na maradhi. Na mwaka uliofuata, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya Kenya ikatoa risala nyingine ya Carothers, ambamo asili ya uasi ule iliangaliwa zaidi katika nafsi ya Mkikuyu kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa.

Miongoni mwa hoja za Carothers iliyodumu kuliko zote ni ile isemayo kwamba maradhi ya huzuni, ambayo siku hizi huitwa sonona, ni haba kwa Waafrika, kwa kuwa, alivyodhani yeye, Mwafrika hajilaumu nafsi yake wala hajitwishi dhima. Kwa insafu yafaa kukiri kwamba hesabu ya wagonjwa aliowaona haikuwa ya uwongo. Upungufu ulikuwa katika mlango waliopitia. Aghalabu aliyefikishwa Mathari alikuwa ameletwa na polisi au mahakama, baada ya kupiga watu, kuchoma nyumba au kuzurura uchi mjini, ilhali aliyejiinamia kimya, asiyekula wala kulala, alibaki kwao akiuguzwa na mama zake au akipelekwa kwa mganga, na hata alipofika kwa daktari alilalamikia kichwa, kifua na moyo kwenda mbio, akapewa dawa ya maumivu. Margaret Field, aliyekwenda kuwatafuta wagonjwa penye matambiko ya Waashanti huko Ghana, aliwakuta humo wanawake wengi wenye huzuni na kujilaumu kusikokuwa na kiasi, akayaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1960.

Jawabu la vitendo lilitoka Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, mwana wa Abeokuta aliyesomea Uingereza, alianzisha mwaka 1954 utaratibu wa hospitali ya Aro, ambao kwa huo wagonjwa walipangishwa katika vijiji vilivyo jirani na hospitali, kila mmoja pamoja na jamaa yake wa kumpikia na kumtunza. Mchana wakitibiwa kwa dawa za kisasa, jioni wakirejea katika maisha waliyoyazoea, na waganga wa jadi wakishirikishwa bila ya kubezwa. Huko Algeria, Frantz Fanon, tabibu wa hospitali ya Blida tangu 1953, aliwapangia wagonjwa wake Waislamu michezo na tafrija zilizowafaa wanawake wa Kizungu wa hospitali ile ile, wakazisusa. Alipotambua kwamba amewaletea ada za wageni, aliwafungulia mkahawa wa Kiarabu, akaadhimisha nao sikukuu zao na kuwaitia msimulizi wa hadithi. Kitabu chake cha 1961, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanacho kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kinamtaja Carothers na kumkosoa.

Haikuwa Afrika peke yake. Huko Marekani, mwaka 1851, tabibu Samuel Cartwright alibuni jina la ugonjwa kwa ajili ya mtumwa anayetoroka, na dawa aliyoagiza ni mijeledi. Mwezi wa Januari 2021 chama cha matabibu wa akili wa nchi hiyo kikaomba radhi hadharani kwa ubaguzi uliofanywa kwa jina la fani yao. Uingereza nako, takwimu za serikali zaonyesha kwamba watu weusi huzuiliwa hospitalini kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara tatu kuliko weupe, jambo lisiloweza kuelezwa kwa maradhi peke yake, madhali wao hufikishwa huko na polisi mara nyingi kuliko weupe, kama walivyofikishwa Mathari watu wa zamani.

Ama Lambo, alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha 1953, tangu 1973 hadi 1988.