Wawindaji wa Miti wa Itoigawa

Karibu na mji wa Itoigawa, mkoani Niigata nchini Japani, upo mlima wa mawe ya chokaa uitwao Myojo. Upande wake mmoja ni ukuta wa mwamba unaopanda mamia ya mita. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na watu walioteremka ukutani humo kwa kamba, wakitafuta vijiti vya kupanda chunguni. Kamba ikikatika, ndiyo basi.

Walichokifuata ni shimpaku, mti wa jamii moja na mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki. Mwambani udongo haujai konzi, theluji hulemea matawi kila mwaka, na mawe yanayoporomoka huchubua gome. Mti hufa nusu, nusu ukabaki: utepe mwembamba wa gome hai hujizungusha kwenye shina kavu lililopauka kama mfupa. Hakuna mtunza bustani awezaye kuliumba umbo hilo katika umri wa mtu mmoja. Ndiyo maana matajiri waliutaka.

Ustadi wa kukuza miti vyunguni, yaani bonsai, Wajapani waliupata China karne nyingi nyuma, na kwa muda mrefu msonobari ndio uliotukuzwa. Shimpaku ilivuma baadaye, wachimbaji walipoanza kuishusha kutoka mlima Ishizuchi, kisiwani Shikoku. Ilipoadimika huko, wakahamia Itoigawa, nako wakakomba. Sifa za ushujaa wao ni za haki, lakini ilikuwa biashara ya kula mtaji.

Na kuushusha mti hakukuwa kuupata. Ulipong'olewa kwenye ufa wa jiwe ulikuja na mizizi ya kuhesabika. Hadi leo fundi huupanda katika changarawe nyepesi ya volkano, ipitishayo maji na hewa, kisha huukaza kwa waya ndani ya sanduku, maana kila mtikisiko hukata mizizi michanga. Majani hunyunyiziwa maji, mti ukikingwa na upepo. Halafu inakuja kazi inayowashinda wengi: kutoufanyia chochote. Mwaka wa kwanza, wa pili, pengine na wa tatu, hapogoi wala hapindi, kwa kuwa majani hayohayo ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Mwenye pupa huambulia kuni. Mti ukishachangamka ndipo matawi huviringishiwa waya, na sehemu kavu ikapakwa dawa ya chokaa na salfa isioze.

Tetemeko la Septemba 1923 lilipoiangusha Tokyo, baadhi ya wakuzaji walihama, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya. Masharti ya kuishi humo yalikuwa ya ajabu kidogo: uwe na bonsai zisizopungua 10, na bustani yako iwe wazi kwa wageni. Ndiko walikofanya kazi Tomekichi Kato na mwanawe Saburo, waliojulikana kwa ezomatsu, miti ya jamii ya misonobari iliyotoka kisiwa cha Kunashiri. Mwaka 1945 majeshi ya Kisovieti yalikitwaa kisiwa hicho, na chanzo hicho kikafungwa.

Omiya ndiko pia alikojifunza kazi Masahiko Kimura, aliyezaliwa 1940. Yeye aliishika shimpaku kuukuu kwa vichongeo vya umeme, jambo lililowakera wahafidhina. Ukitazama kazi zake, ni vigumu kuwaunga mkono.

Siku hizi shimpaku nyingi huoteshwa kwa vipandikizi shambani, zikapindwa zingali changa. Huko Marekani wachimbaji huomba kibali cha idara ya misitu, wakachimba mireteni mikongwe, ndugu wa shimpaku, ya Milima ya Rocky. Mashina yake ni ya kuvutia, ila majani hulegea. Mafundi huyaunganishia mashina hayo vichipukizi vya shimpaku ya Itoigawa, na vikishika, matawi ya asili huondolewa kidogo kidogo.